Mnaficha Busu, Mnaacha Kifo

Kila likizo ya shule ikikaribia, wazazi wa Kihonda, Bigwa na Mji Mpya hapa Morogoro huniletea swali lilelile: "Mwalimu, ile filamu ya mtu aliyekufa akamrudia mkewe, ina mambo ya kikubwa?" Nikisema ina mabusu mawili matatu, mzazi anashusha pumzi. Rimoti ataishika mwenyewe, na penye kitanda atasogeza mbele. Nafanya kazi ya unasihi wa watoto na swali hili nimelijibu vya kutosha. Halifai, na wazazi waliache.

Tuichukue Ghost ya mwaka 1990, ambayo wazazi wengi waliitazama ujanani. Patrick Swayze ni Sam, kijana anayeuawa barabarani kwa njama za rafiki yake, na roho yake inabaki duniani kumlinda mpenzi wake, Demi Moore. Kila mtu anawakumbuka wawili wale wakifinyanga udongo usiku, na hapo ndipo rimoti hufanya kazi. Haya, ufinyanzi umeruka. Mtoto wa miaka 6 uliyemketisha kwenye mkeka amebakiwa na nini? Amebakiwa na maiti mikononi mwa mwanamke anayelia. Amebakiwa na mtu anayechomwa na kipande cha kioo dirishani, kisha vivuli vyeusi vinavyoibuka na kuwakokota waovu huku wakipiga mayowe. Mzazi hakuruka hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu hakuna aliyevua nguo. Nimeketi na watoto waliokataa kwenda chooni usiku, na waliorudi kukojoa kitandani ilhali walikwisha kuacha. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa hapo na busu.

Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyetafiti kwa miaka mingi hofu inayowapata watoto mbele ya televisheni, alionyesha kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hivi hutishwa na sura ya kitu. Kumwambia "ni filamu tu, si kweli" hakumtulizi. Aliyezidi umri huo hutishwa zaidi na jambo linaloweza kumtokea yeye au watu wake. Kwa hiyo vivuli vya Ghost vitamtesa mdogo wa darasa la kwanza, na dada yake wa miaka 11 atateswa na kile kifo cha ghafla barabarani. Rimoti yako haijamlinda yeyote.

Kuna mfano mbaya zaidi. What Dreams May Come ya mwaka 1998, ya Robin Williams, ingepita mtihani wa "mambo ya kikubwa" bila shida. Watoto wawili wa familia moja wanafariki ajalini. Miaka michache baadaye baba naye anafariki ajalini. Mama anashindwa na majonzi, anajiua, na mumewe anashuka kuzimu kumtafuta. Mwishoni familia nzima inakutana tena katika mandhari yenye rangi za kupendeza mno, na mwisho huo mzuri ndio unaonitia hofu. Kijana mwenye uchungu anaonyeshwa kwamba aliyempoteza yuko karibu tu, ng'ambo ya kifo, na kwamba anayejiua hatimaye hufuatwa na kupatikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa filamu, likiwataka wasionyeshe tendo la kujiua wala njia yake, na waonyeshe watu waliopata msaada wakavuka. Mzazi naye apime kwa kipimo hicho. Marekani iliipa filamu hiyo alama ya PG-13, ileile iliyopewa Ghost na Titanic, kwa hiyo alama peke yake haitakuambia tofauti yake.

Nasisitiza msiba kwa sababu naandika nikiwa Morogoro. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, likaua zaidi ya watu 100. Watoto walioachwa wadogo siku ile wamefika rika la kutafuta filamu za mapenzi. Mjane aliyeolewa tena afikirie Eternity ya mwaka 2025: mwanamke anafika ahera na kutakiwa kuchagua ataishi milele na nani, mume wa kwanza aliyekufa vitani Korea au yule aliyezeeka naye. Mtu mzima atacheka na kufuta machozi. Mtoto anayelelewa na baba wa kambo atamgeukia mama yake na kuuliza, "Wewe utakwenda kwa nani?" Jibu uwe nalo kabla hujawasha televisheni.

Wapo wanaoniambia watoto wa milima yetu ya Uluguru wamezoea habari za mizimu, hivyo filamu hizi haziwezi kuwachanganya. Hapo wana hoja, ila nusu tu. Mtoto aliyekua Matombo akisikia wahenga wakitajwa kwenye tambiko anajua kwamba babu aliyezikwa hali wala hatembei. Rita Astuti na Paul Harris waliwahoji Wavezo wa Madagaska, watu wenye heshima kubwa kwa mababu, na mwaka 2008 wakaandika kwamba watoto wa miaka 7 hivi tayari walielewa kuwa mwili uliokufa umekoma, na imani ya mababu ilijengeka baadaye juu ya ujuzi huo. Lakini mzimu wa tambiko ni mzee wa ukoo ambaye familia ina wajibu kwake. Hamkumbatii mtu kitandani, wala hamsihi mpenzi wake amfuate. Mapenzi ya namna hiyo mtoto hajafundishwa na bibi yake, atayapokea kama filamu inavyompa.

Sasa ufanye nini? Itazame mwenyewe kwanza, mpaka mwisho. Jiulize kama kuna anayechagua kufa, na kama filamu inamsifu. Ikiwa ndivyo, aliye chini ya miaka 16 asiitazame bila wewe, na aliyefiwa karibuni asiitazame kabisa. Chini ya miaka 8, roho zozote zenye sura ya kutisha ziondoe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ipo na Bodi ya Filamu hupanga madaraja, lakini muvi uliyowekewa kwenye flashi dukani haina alama yoyote. Muvi iliyotafsiriwa, kwa mtindo uliompa umaarufu msimulizi Lufufu, isikilize pia, kwa maana msimulizi huongeza maneno yake na alama ya Marekani haiyahusu. Kwenye kibanda umiza usimpeleke. Pale hakuna wa kusimamisha picha mtoto akianza kulia. Baada ya filamu usihutubu. Muulize nani alimhurumia na kwa nini, kisha nyamaza usikilize.

Mtoto akianza kusema anataka kumfuata marehemu, hata kwa utani, usimkemee wala usingoje kesho. Kaa naye, na piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.