Maji ya bati lako yanaenda wapi?

Kiangazi kinaisha. Kuanzia Septemba mvua itarudi, na itaendelea mpaka Mei. Vimbunga vya baharini havifiki Bukavu. Kwetu hatari ni mvua ya upepo na udongo unaoteremka. Hatujasahau Kalehe: tarehe 4 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 400, hasa katika Bushushu na Nyamukubi.

Wengine husema, "Mungu atalinda." Ndiyo, analinda. Lakini katika Kumbukumbu la Torati 22:8 aliagiza kila anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na kufa. Mungu aliona kwamba nyumba ya mtu inaweza kumuua mwenzake. Kwenye vilima vya Kadutu na Bagira, ambako ukuta wa mmoja uko juu ya bati la mwingine, ukingo wetu ni mtaro.

Kabla ya mvua. Fuata njia ya maji tangu bati lako mpaka chini. Kama yanamwagika nyuma ya nyumba, yanalainisha udongo unaosimama juu ya jirani yako. Yakinge kwa pipa, na yanayozidi yapeleke kwenye mtaro. Zibua mtaro huo, usitupe takataka ndani yake. Usichimbe chini ya kilima ili kupanua kiwanja. Panda matete, mizizi yake ishike udongo. Bati lililolegea lipigilie misumari na kulifunga kwa waya kwenye mbao. Mawe juu ya bati si dawa, kwa maana upepo unaweza kuyaangusha juu ya watoto.

Weka kadi ya mchaguzi, hati ya kiwanja na karatasi za watoto ndani ya mfuko wa plastiki, karibu na mlango. Patana na jamaa mahali pa kukimbilia usiku.

Dalili za kutoka haraka. Ufa mpya kwenye udongo au ukutani, mlango ambao ghafla haufungi, mti au nguzo inayoinama, maji ya matope yanayobubujika mahali pasipo na chemchemi. Usingoje asubuhi. Toka, na umgongee jirani wa chini.

Baada ya mvua. Usiguse waya wa umeme ulioanguka, wala usiingie ndani kabla umeme haujakatwa. Usirudi chini ya udongo uliopasuka, hata kama jua limewaka. Ondoa matope yangali laini, ukivaa viatu vizito. Usiyarudishe mtaroni, maana mvua ya kesho itayapeleka kwa mwingine. Osha sakafu na vyombo kwa sabuni, kisha kwa maji ya klorini. Maji ya kunywa yachemshe, hata ya bomba, kwa sababu bomba likipasuka uchafu wa vyoo huingia, na kolera tunaijua.

Wajane na wazee hawawezi kuzibua mtaro peke yao. Mashemasi, vijana, akina mama: Jumamosi hii mfanye salongo. Anzeni na nyumba iliyo juu kabisa ya avenyu, mteremke pamoja na maji mpaka nyumba ya mwisho.