Bega la mgonjwa wa kiharusi: pesa itangulie wapi?

Mkono wa mtu mwenye kilo 70 una uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Misuli ya bega ikiwa hai, mwenyewe hata hauhisi. Kiharusi kikishaipooza, uzito wote unaning'inia kwenye kano, na ukipapasa chini ya ncha ya bega kidole kinazama kwenye kishimo. Si kila bega lililolegea huuma, lakini likianza kuuma mgonjwa hakubali tena kuguswa, na familia inaanza kuulizia bei za vifaa.

Kifaa cha kwanza kiko nyumbani tayari: mto. Mgonjwa akiketi, mkono mzima uegemee juu ya mto, kuanzia kiwiko hadi vidole. Akivaa shati, mkono uliopooza utangulie. Akivua, uwe wa mwisho. Na asivutwe! Nimemwona kijana mwenye mapenzi mema kabisa akimwinua mama yake kitandani kwa kumvuta kiganja. Mama akapiga yowe, kijana akadhani anadeka. Madhara ya mvuto kama ule hayarekebishwi na mto wala mashine kwa siku moja.

Kuhusu kitambaa cha kuning'inizia mkono, khanga inatosha kwa kusimama na kutembea, kisha ivuliwe. Kiwiko kikishinda kimekunjwa, kitakaza. Cha dukani ukinunua, tafuta chenye mkanda unaoshika mkono wa juu na kuacha kiwiko kinyooke. Vinginevyo unalipia khanga yenye vifungo.

Kamba na kapi za kujivuta mkono juu ya kichwa ni rahisi, na ndizo ninazozipinga. Bapa la bega halizunguki inavyotakiwa, nyama za ndani zinabanwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 kuhusu tiba baada ya kiharusi unasema zisitumike.

Mashine ya umeme ya kushtua misuli husaidia kupunguza kulegea kwa bega ikianza mapema. Kwa maumivu, matokeo yanatofautiana. Tumia ya hospitali kwanza kabla ya kununua yako. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiiguse bila idhini ya daktari.

Sindano nazo si za aina moja. Botoksi ni ya misuli iliyokaza, ni ghali, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima. Steroidi ni ya uvimbe ndani ya kiungo. Mwenye kisukari aseme mapema, kwani sukari hupanda.

Gharama inayofichika ni nauli. Fiziotherapia mara tatu kwa wiki ni vipindi 12 kwa mwezi. Mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, ni nauli 48. Kwa daladala ya shilingi 600 ni shilingi 28,800, na hiyo ni kama mgonjwa anaweza kupambana na mlango wa daladala. Wengi huishia kukodi bajaji, na hapo hesabu inapaa.

Kwa hiyo mimi ningemlipa mtaalamu aje nyumbani mara tatu au nne, japo kipindi kimoja ni ghali zaidi. Atakiona kitanda chenyewe na kiti chenyewe. Anayemhudumia mgonjwa ndiye aweke mikono, mtaalamu amrekebishe. Baada ya hapo, hospitali mara moja au mbili kwa mwezi, na mazoezi ya kila siku nyumbani. Mkono ukivimba, ukang'aa na kuwaka moto, usisubiri tarehe ya kliniki.

Wenye bima, ulizeni kabla ya kipindi cha kwanza: inalipia vipindi vingapi, na je, inamlipa mtaalamu anayekuja nyumbani?