Motokaa Kuukuu Yawashinda Wenye Nguvu

Msafiri atokaye Isiolo kwenda Gotu, kwenye mto Ewaso Nyiro, haulizi sana mtambo wa motokaa una nguvu kiasi gani. Penye mchanga na mawe huuliza kama itafika. Swali hilo ndilo lililoamua mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1965.

Motokaa 85 ziliondoka Nairobi, nyingine mpya kabisa na zenye kutegemezwa na viwanda vikubwa vya ng'ambo. Bwana Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kukimbizwa na wengine katika Safari ya mwaka 1964. Hata huko Sweden aina hiyo ilikuwa ya kizamani, na mwaka ule ule wa 1965 iliacha kuundwa.

Lakini Bwana Joginder alikuwa fundi kwa kazi yake, akaijua motokaa yake kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake. Tena alipata nafasi ya kwanza kuondoka, hivyo hakula vumbi la mtu wala hakukuta tope lililovurugwa na wenzake. Bahati hiyo isidharauliwe. Nduguye Jaswant aliketi kando akimwongoza njia. Waliomaliza ni 16 tu, na Volvo ile ilikuwa mbele ya wote.

Mwaka 1974 alishinda tena, kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Wa pili alikuwa Björn Waldegård, mwenye Porsche iliyomzidi sana kwa nguvu.