Mvuvi wa Televisheni na Anayemlipa

Likizo kuu ya mwaka uliopita nilikwenda Rumonge kukaa kwa baba yangu mdogo, ambaye ni mvuvi kama alivyokuwa babu. Jioni moja aliniita barazani, akaleta kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia, akakifungua polepole. Kilikuwa ufito wa kuvulia wa Kizungu, mweusi, unaong'aa, wenye gurudumu dogo la kuzungushia mshipi. Pamoja nao walikuwako samaki watatu wa bandia, wamepakwa rangi nyekundu na ya fedha, na chini ya tumbo la kila mmoja zimening'inia ndoana kali.

Alivinunua mjini Bujumbura baada ya kutazama kipindi cha uvuvi katika televisheni ya kibanda cha chai. Mzungu mmoja alitupa samaki wa bandia majini, na kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha kumvuta samaki mkubwa kama mtoto. Akamwinua mbele ya kamera, akakitoa kile chambo kinywani mwake, akakionyesha vizuri na kukitaja kwa jina.

Fedha zilizonunua vitu vile zilikuwa minervali ya mwanawe kwa muhula wa tatu. Binamu yangu alikaa nyumbani muhula mzima, na mwaka wake ukapotea. Na ziwani, kwa muda wa majuma matatu, ule ufito ulipata samaki mmoja tu, naye hakujaza kiganja.

"Mwanangu," baba mdogo akaniambia, "wewe umesoma. Nieleze. Yule mtu alinidanganya?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Tangu hapo nimesoma na kuulizauliza, na niliyoyapata nayaandika hapa, kwa sababu najua ya kuwa wengi wetu shuleni, na hata ninyi wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu, twavipenda vipindi hivyo, na si kila mtu ajuaye jinsi vinavyolipiwa.

Kipindi cha televisheni ni kitu cha gharama. Kuna mpiga picha na mashine zake, kuna mashua, petroli, chakula, malazi, nauli za ndege, na mtu wa kukata na kuunga picha. Mtazamaji wa kibanda cha chai hulipa chai tu. Basi mzigo huo hubebwa na nani?

Desturi yenyewe ilianza kabla ya televisheni. Katika Marekani, miaka ya 1930, makampuni ya sabuni kama Procter & Gamble yalilipia michezo ya kuigiza ya redio iliyosikilizwa mchana na wanawake waliokuwa nyumbani, maana ndio waliokuwa wakinunua sabuni. Hata leo Wamarekani huiita michezo ya namna hiyo kwa jina la sabuni. Televisheni ilipokuja, wavuvi nao wakapata wafadhili wao. Alikuwako mzee mmoja maarufu, Gadabout Gaddis, aliyekuwa akiruka kwa ndege yake ndogo kutoka ziwa hadi ziwa, na kipindi chake katika miaka ya 1960 kiliitwa Mvuvi Arukaye. Mfadhili wake hakuuza ndoana wala mishipi. Ilikuwa kampuni ya bima, Liberty Mutual. Jambo hili lilinistaajabisha mwanzoni, kisha nikaona maana yake. Atazamaye uvuvi kwa utulivu jioni ni mtu mzima, ana nyumba, ana motokaa, ana watoto. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa atafutwaye na mwenye bima. Samaki alikuwa chambo, na mtazamaji ndiye aliyekuwa akivuliwa.

Baadaye wenye kuuza zana za uvuvi wenyewe waliingia kwa nguvu. Bill Dance wa Memphis, mshindi wa mashindano ya uvuvi, alianza kipindi chake mwaka 1968, na kofia yake ya Chuo Kikuu cha Tennessee ikajulikana karibu kuliko uso wake. Huko Japani, tangu mwaka 1983, kampuni ya Daiwa itengenezayo fito na magurudumu ya mishipi imekuwa mfadhili wa kipindi cha uvuvi cha televisheni. Hapo hakuna mzunguko wa bima: yule auzaye ufito ndiye alipaye ili ufito uonekane.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baba mdogo hakulijua, wala mimi sikulijua. Sisi hudhani ya kuwa mvuvi wa televisheni ameajiriwa na stesheni, kama mwalimu alivyoajiriwa na shule. Katika Marekani mara nyingi sivyo. Mvuvi mwenyewe huinunua ile nusu saa kutoka kwa stesheni, kama mtu apangaye meza sokoni, kisha huzigawa dakika zake na kuwauzia wenye mashua, wenye mota, wenye mishipi na wenye chambo. Asipopata wanunuzi, kodi ya meza itamshinda, na kipindi kitakufa. Kwa hiyo anapokuwa ndani ya mashua ana wakubwa wengi wasioonekana. Jina la mota limeandikwa kwa herufi kubwa upande unaoelekea kamera. Shati lake limejaa alama kama mchezaji wa mpira. Sanduku la chambo limefunguliwa kuelekea kwetu, si kuelekea kwake. Hata hoteli anayolala, na mwenyeji amwongozaye, huenda wametoa huduma yao bure ili mahali pao pasifiwe. Wavuvi watokao mbali kuwavua samaki wakubwa wa bahari huko Malindi na Watamu, katika pwani ya Kenya, huhitaji kitanda, chakula na mashua ya kukodi. Kwa hiyo picha nzuri za bahari ile ni tangazo pia, hata pasipotajwa bei.

Si lazima mvuvi huyo aseme uongo. Huenda chambo kile ndicho kweli kilichomnasa samaki. Lakini mtu aliyelipwa na kampuni moja hafungui sanduku akakuonyesha chambo cha kampuni nyingine kifanyacho kazi ile ile, wala hakwambii ya kuwa mnyoo wa bure ungalitosha.

Tena kuna mkasi. Kipindi cha nusu saa cha Kimarekani, ukiondoa matangazo, hubaki na dakika kama 22, na dakika hizo huenda zimekatwa katika siku mbili au tatu za kuvua, au zaidi. Saa za kukaa kimya, mvua, mshipi uliokatika, samaki aliyeponyoka, yote hayo hubaki sakafuni. Jeremy Wade, Mwingereza wa kipindi cha River Monsters kilichoonyeshwa kati ya 2009 na 2017, alimtafuta katika mto Kongo yule samaki mwenye meno kama ya mamba, aitwaye mbenga na watu wa huko, ambaye yuko hata katika ziwa letu la Tanganyika. Yeye angalau hakuficha taabu yake, maana taabu ndiyo iliyoleta hofu, na hofu ndiyo iliyowafanya watu wasiondoke wakati wa matangazo. Lakini mwenye kuuza chambo hawezi kuvumilia taabu. Akionyesha siku nzima bila samaki, nani atanunua?

Nami naona kosa kubwa zaidi halimo katika mkasi. Limo katika maji. Vyambo vingi vya Kimarekani vimetengenezwa kwa ajili ya samaki mmoja wa kinywa kipana, apendwaye sana na wavuvi wa huko, ambaye hukaa katika maji ya kina kifupi, hujificha kwenye majani na magogo, na kurukia kitu kipitacho karibu. Katika Afrika ya Mashariki aliletwa na Wazungu katika ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Sasa mtazame mukeke wetu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali palipo pa chini kabisa, na mukeke hujificha kwenye gogo lipi huko? Yeye hutembea katika maji wazi akiwafuata ndagala. Ndagala huifuata nuru usiku. Ndiyo sababu wavuvi wetu hufunga mitumbwi miwili pamoja, wakawasha karabai, na siku hizi taa za betri, wakangoja samaki wakusanyike juu ya wavu. Mbalamwezi ikiwa kamili wao hupumzika, kwa kuwa taa haina nguvu mbele ya mwezi. Hayo yote baba mdogo anayajua tangu utoto wake. Katika kipindi kile, mwenyeji wa ziwa la watu alimwongoza mgeni mpaka mahali penye samaki, saa ifaayo, katika msimu ufaao. Kisha sifa zote akapewa samaki wa bandia. Baba mdogo aliuacha ujuzi wake ufukoni, akaenda kumtegemea samaki wa rangi ya fedha.

Mtu ataniuliza, je, hakuna sheria? Iko, katika nchi nyingine. Marekani, sheria ya redio ya mwaka 1927 iliagiza ya kuwa kilicholipiwa kitangazwe ya kuwa kimelipiwa, tena na nani. Agizo hilo likaingia katika kifungu cha 317 cha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934, na mwaka 1960 likakazwa, baada ya kugunduliwa ya kuwa watangazaji wa redio walikuwa wakipokea fedha kwa siri ili wapige santuri fulani. Ufaransa iliruhusu mwaka 2010 bidhaa ziwekwe ndani ya vipindi kwa malipo, na Uingereza ikafuata tarehe 28 Februari 2011, kwa sharti ya kwamba alama ya herufi P ionyeshwe ili mtazamaji ajue. Kitu cha kwanza kuonyeshwa kwa njia hiyo huko Uingereza kilikuwa mashine ya kahawa ya Nescafé, katika kipindi cha asubuhi. (Wenzangu watokao Ngozi na Kayanza, ambao wazazi wao huchuma kahawa, walicheka sana nilipowasimulia.)

Lakini herufi P haikufika Rumonge. Kipindi kile kilikuwa cha Kiingereza, na pale kibandani hakuna ajuaye Kiingereza. Majina ya waliolipa yalipita mwishoni kwa maandishi madogo, wakati mwenye kibanda alikuwa tayari ameshika rimoti kutafuta mpira. Sheria humlinda mtu awezaye kusoma onyo lake. Na sasa ambapo picha za uvuvi zimo ndani ya simu zetu, zikitumwa na vijana waliopewa fito za bure na makampuni, hata maandishi hayo madogo mara nyingi hayapo.

Sisemi ya kuwa ufadhili ni mbaya. Sisi sote hapa hushangilia mpira wa ligi ya taifa, nayo iliwahi kuchukua jina la Primus, bia ya Brarudi, wala hakuna aliyedhani ya kuwa bia ndiyo iliyofunga bao. Jambo lilikuwa wazi, jina lilikuwamo katika ligi yenyewe. Katika Kenya, tangu mwaka 2012, kimeonyeshwa kipindi kiitwacho Shamba Shape Up, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ambacho mafundi huenda kwa mkulima mdogo, wakakaa naye siku chache, wakatengeneza banda lake na kumwonyesha namna ya kupanda na kufuga. Fedha hutoka kwa mashirika ya misaada na kwa makampuni, yakiwamo yenye bidhaa za kumwuzia mkulima. Hapo pia kuna anayelipa, na hapo pia afadhali mtu aulize bei kabla ya kununua. Lakini shamba ni la mkulima kama wewe, udongo ni kama wako, na lugha unaielewa, hata waweza kusema, hili lafaa kwangu, hili halifai. Baba mdogo hakupewa nafasi hiyo ya kupima.

Wakati wa Pasaka nilirudi Rumonge, nikamweleza yote, mota, shati, mkasi, na ile nusu saa iliyonunuliwa. Alisikiliza kimya. Niliposema ya kuwa mvuvi yule hulipwa hata siku asiyopata samaki, alinyanyua kichwa.

"Hulipwa asipopata?"

"Ndiyo, baba."

"Basi yule si mvuvi," akasema. "Ni mwuza duka aliyepanda mtumbwi."

Binamu yangu amerudi shuleni, anarudia darasa lile lile, na minervali ya mwaka huu imelipwa kwa mukeke na ndagala. Zile ndoana baba mdogo alizing'oa zote kwenye samaki wa bandia, akazifunga katika mshipi wake mwenyewe wa kuvulia sangala, akasema chuma chake ni kizuri. Samaki wawili wa rangi anao mtoto wake mdogo, huwaogesha katika beseni. Wa tatu alipotea. Ufito umesimama nyuma ya mlango, na mama mdogo huutumia kuwafukuzia kuku wanaokuja kula ndagala walioanikwa uani.