Chupa ya Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, Nairobi imelala. Katika kibanda cha mbao pembezoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mlezi anashuka kutoka kitanda cha juu na kukanyaga nyasi kavu zilizotandazwa sakafuni. Ndama wa ndovu amekwisha kumvutia blanketi kwa mkonga. Tumbo lake linaijua saa. Anafyonza chupa hadi povu linamtoka pembeni mwa mdomo, kisha wote wawili wanarudi kulala. Saa kumi na mbili asubuhi kuna chupa nyingine.

Chupa hiyo, kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, ndiyo inayonunuliwa na pesa ambazo vijana huwachangia ndovu yatima. Nimeanzia hapo kwa sababu wengi wetu tukisikia mchango wa ndovu yatima, akili hukimbilia picha za mitandaoni. Kumbe ni maziwa, ni mafuta ya gari linalomfuata ndama porini, na ni mshahara wa mtu anayekesha.

Kituo hicho ni cha Sheldrick Wildlife Trust. Daphne Sheldrick alilianzisha shirika hilo mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe, David, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Kabla ya hapo mama huyo alikuwa amehangaika miaka mingi na swali moja tu: ndama mchanga wa ndovu anywe nini? Maziwa ya ng'ombe yalimharisha hadi kufa, kwa sababu tumbo lake haliyawezi mafuta ya maziwa hayo. Jibu lilipatikana kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga yaliyotiwa mafuta ya nazi.

Hata hivyo, maziwa peke yake hayakutosha. Mwaka 1974 Daphne alikuwa akimlea ndama aitwaye Aisha, naye Aisha akawa hamjui mtu mwingine duniani. Daphne alipoondoka kwenda kwenye harusi ya bintiye, ndama alikataa kula, akadhoofika, akafa. Ndiyo maana leo walezi hupokezana zamu, huyu usiku wa leo na yule wa kesho, ili yatima awe na jamaa nzima badala ya mtu mmoja. Wakati wa kumnyonyesha huning'iniza blanketi, naye hulaza mkonga wake hapo kama ambavyo angeulaza kwenye ubavu wa mamaye.

Watoto wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakichangia malezi haya kwa miaka mingi. Kuna mpango wa kumlea ndama kwa mbali, kuanzia dola 50 kwa mwaka, na wapo watoto wanaowaomba wazazi wao pesa hizo badala ya zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nawaheshimu kwa dhati. Lakini ndovu hajawahi kuwatoa wao shambani usiku. Mchango ninaotaka kuusimulia ulitolewa na vijana ambao ndovu ni jirani yao.

Ukame wa 2022 ulipokuwa umeshika, nilikaribishwa na chama cha wanyamapori cha shule moja ya upili karibu na mji wa Voi. Vyama hivi si jambo geni kwetu. Wildlife Clubs of Kenya ilianza mwaka 1968, na wazee wengi wa leo walivaa beji zake. Wanafunzi hawa walikuwa wameuza mandazi wakati wa mapumziko, wameokota chupa za plastiki, na Jumamosi mbili wameosha matatu stendi. Pesa zilikaa kwenye kopo la rangi lililotobolewa mfuniko kwa msumari. Walipolimimina mezani, zilitoka sarafu za kumi na za ishirini, noti chache za hamsini zilizokunjwa mara nne, na kifungo kimoja cha shati.

Hapo ndipo msichana wa Kidato cha Pili alipoinua mkono. Alisema kwa upole, lakini macho yake hayakuwa ya upole, kwamba ndovu walikula pojo za mama yake zikiwa zimebaki siku chache zivunwe. Alitaka kujua nani anamchangia mama yake.

Darasa lilinyamaza. Mwalimu mlezi alitaka kumjibu, akasita. Nami sikuwa na jibu, na hadi leo naamini swali lile lilikuwa ndilo mchango mkubwa kuliko yote ya siku ile.

Kwani ndama yatima hutoka wapi? Wapo ambao mama zao waliuawa na majangili kwa ajili ya pembe. Wapo waliotumbukia kwenye visima vya kuchimba kwa mkono. Wengine huachwa yatima na ukame: kati ya Februari na Oktoba 2022, kwa hesabu ya serikali, Kenya ilipoteza ndovu 205 kwa kiangazi. Na wapo ambao mama zao walichomwa mikuki au kupigwa mishale na watu waliochoka kulala na njaa baada ya kuvamiwa mashambani. Shamba la mama yule na chupa ya saa tisa usiku ni habari moja.

Kule Samburu wameliona hilo mapema. Kituo cha Reteti, kilichofunguliwa mwaka 2016, ni mali ya jamii yenyewe, na ndama wake hunyweshwa maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kutoka kwa akina mama wafugaji. Mama anayeuza maziwa yake kwa ndovu ana sababu yake mwenyewe ya kutaka ndovu aishi.

Vijana wa Voi walibishana hadi kengele ikalia. Mwishowe wakagawa: nusu ya maziwa, nusu ya mzinga wa nyuki. Jirani zao wa Sagalla wamezungushia mashamba yao mizinga iliyotundikwa na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya usiku, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kwa hasira, naye mnyama mkubwa vile, ambaye huogopa kuumwa ndani ya mkonga na kandokando ya macho, hugeuza njia.

Jioni ya siku ile nilisimuliwa habari za ndovu yatima aitwaye Emily. Mwaka 1993 alitolewa kwenye shimo la choo kilichoachwa, huko Manyani, akiwa ndama mdogo. Alilelewa kwa chupa, akarudishwa porini Tsavo, na mwaka 2008 akazaa mtoto wake wa kwanza, Eve.

Niliporudi Voi baada ya wiki kadhaa, mzinga wa wanafunzi ulikuwa tayari umetundikwa ukingoni mwa shamba la pojo, kati ya mizinga mingine michache ya majirani. Nyuki walikuwa hawajaingia bado. Msichana yule alikuwa amepanda kwenye kiti cha jikoni, anapaka nta mlangoni mwa mzinga kwa kidole, polepole, huku mama yake amemshikia kiti kisiyumbe.