Gobole Lililo Uvunguni

Katika baadhi ya nyumba za vijiji vilivyo kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mke anajua jambo ambalo hathubutu kulitaja hata kwenye maombi ya akina mama. Ndani kuna gobole. Limeviringishwa kwenye gunia na kulazwa uvunguni, au limechomekwa kwenye nyasi za paa. Mhunzi amelitengeneza kwa kipande cha bomba na kitako cha mti. Baba huondoka nalo jioni, na kesho yake kuna kitoweo. Mama anapika, watoto wanakula, hakuna anayeuliza.

Mama mpendwa, tunapofundishwa habari za siku ambayo mataifa hayatajifunza vita tena, huwa tunafikiria mizinga na ndege za kivita za nchi za mbali. Isaya (2:4) na Mika (4:3) wanatuonyesha kitu kilicho karibu zaidi: kazi ya mhunzi. Upanga hautupwi mtoni wala hauzikwi. Unarudishwa motoni na kutoka ukiwa jembe, na mkuki unakuwa mundu. Chuma ni kile kile. Mika anaongeza kwamba kila mtu atakaa chini ya mzabibu wake na mtini wake bila wa kumtia hofu. Hofu hiyo mke mwenye gobole nyumbani anaijua. Mbwa akibweka usiku, yeye anadhani ni askari wa wanyamapori.

Ezekieli (39:9-10) ana picha ambayo nadhani wanaume huipita haraka. Adui akishashindwa, watu wanakusanya ngao, pinde, mishale na mikuki, wanaviwashia moto kwa miaka 7, wala hawaendi msituni kukata kuni. Anayebeba mzigo wa kuni kichwani ataelewa ukubwa wa ahadi hiyo bila kufafanuliwa. Silaha zimeishia jikoni!

Lakini andiko linalotuhusu zaidi sisi wa Katavi ni Hosea 2:18. Mungu anavunja upinde na upanga, na katika mstari huo huo anafanya agano na wanyama wa kondeni, ndege na vitu vitambaavyo. Mstari unaofuata ni wa posa: anawaposa watu wake kama mume aliyesamehe. Wanyama, silaha na ndoa vimewekwa mahali pamoja. Najua, upinde wa Hosea ni wa vita. Hata hivyo, gobole linalomwangusha nyati leo laweza kushikwa kesho katika ugomvi wa shamba au wa wivu.

Wapo kati yetu wasiohitaji kuelezwa habari za silaha. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walifyeka pori na kulima, na waliowakimbilia wageni wakawa majirani.

Jirani zetu wa Msumbiji walilitenda andiko la Isaya kwa mikono. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992, bunduki zikabaki mafichoni. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, pamoja na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kupokea silaha na kutoa majembe, baiskeli na vyerehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakaunda vitu kwa vipande vyake. Kiti kimoja cha mwaka 2001 kipo British Museum, London. Mimi navutiwa zaidi na cherehani. Walielewa kwamba aliyezoea kula kwa bunduki haachishwi kwa mahubiri matupu.

Mazungumzo na mume yaanzie hapo hapo. Usianze kwa vitisho, wala mbele ya watoto. Muulize: tukiliacha hili, kitoweo kitatoka wapi? Zungumzeni kuku, mbuzi, na nyuki, maana Inyonga asali inalisha watu. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mzinga wa vita na mzinga wa nyuki. Kama mume ni mwepesi wa kupiga, usiliseme peke yako. Mpitie mchungaji na mkewe.

Serikali imetangaza mara kadhaa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Mkikubaliana, mchungaji au mwenyekiti wa kijiji atangulie kutoa taarifa kwamba linaletwa. Lisibebwe na mtoto, wala lisitoke nyumbani likiwa bado limeshindiliwa baruti.