Kanumba wa Shinyanga: Majuu, mapenzi na bei yake

MSHIKAJI wangu wa Kahama, na wewe dada wa Katoro unayesoma huku unasubiri mteja, leo tuongee mambo matatu yanayowanyima vijana usingizi: safari, mapenzi na maisha ya ugenini. Na tuyaongee kupitia kwa mtu wa kwetu, maana hadithi za akina fulani wa Hollywood tumezichoka. Tumchukue Msukuma mwenzetu, Steven Kanumba.

Alizaliwa Shinyanga, Januari 8, 1984. Akasoma shule ya msingi Bugoyi, hapo hapo mjini, kisha akateremka Dar es Salaam kuendelea na masomo. Huko ndiko alikojiunga na Kaole Sanaa Group, wale waliokuwa wanatufungia mitaa kwa michezo ya kuigiza kwenye televisheni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muda ukiwadia, mtaa mzima unahamia kwa mwenye TV, wengine wanachungulia dirishani. Kutoka pale akawa mwigizaji wa filamu, kisha mtunzi, kisha mwongozaji, mwisho akawa na kampuni yake mwenyewe. Kwa kifupi, kijana alijitengenezea jina, na jina lenyewe akaliongezea "The Great". Haya, kama wewe huwezi kujisifu, nani atakusifu?

UKANDA WA WASAFIRI

Kabla hatujaenda mbali, tukumbushane jambo moja. Watu wa ukanda huu hatuna ugeni na safari. Msukuma amezoea kuhama na ng'ombe wake kufuata malisho. Reli imetupitia Shinyanga ikielekea Mwanza tangu mwaka 1928. Na dhahabu ndiyo iliyomaliza kabisa. Ikitokea rashi Nyarugusu au Rwamagasa, wiki haiishi utakuta kule Waha, Wajita, Wahaya na Wachaga, kila mmoja na begi lake, wote wanaulizia duara linalotema. Kwa kijana aliyetoka Kigoma, Geita ndiyo majuu yake ya kwanza.

Na wazungu nao walikuja kutafuta majuu yao hapa kwetu. John Williamson alikuwa mwanajiolojia kutoka Canada. Mwaka 1940 akaipata almasi ya Mwadui, kilomita chache tu kutoka Shinyanga mjini, akawa miongoni mwa watu matajiri mno. Mwaka 1947 likatoka jiwe la pinki la karati 54.5. Bwana yule akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi! Lilipokatwa likabaki karati 23.6, likatiwa kwenye bruchi, na malkia akawa analivaa kifuani miaka na miaka. Lakini Williamson mwenyewe hakuoa. Aliishi Mwadui mpaka alipofariki Januari 1958. Kapeleka almasi kwenye harusi ya watu, yeye mwenyewe kalala peke yake.

Baadaye ikaja migodi ya siku hizi: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009, ambayo uchimbaji wake umeshafika mwisho. Wakaja Waaustralia, Wakanada na watu wa kwa Madiba. Vijana wetu wakaona watu wanaoishi ugenini kwa mikataba, wakapata picha kwamba ugenini ni gari lenye kiyoyozi na kofia ngumu. Wakasahau kuwa kuna ugenini mwingine wa kubeba boksi.

LAGOS BILA KUZAMIA

Sasa mtoto wa Shinyanga yeye alifanyaje? Katikati ya miaka ya 2000, mabanda yetu ya video yalikuwa yamejaa mikanda ya Nigeria. Kule Katoro na Kakola mchimbaji akitoka shimoni alikuwa anakaa kwenye benchi la mbao, analipia kiingilio chake, anaangalia wachawi na mapenzi ya Lagos huku mtafsiri anapiga kelele kwa Kiswahili. Wengine walilalamika kwamba Wanigeria wanatuua kibiashara. Kanumba na mtayarishaji Mtitu Game walifanya kitu tofauti: walipanda ndege wakawafuata hao hao Wanigeria.

Mwaka 2006 ikatoka Dar 2 Lagos, imeongozwa na Mnigeria Femi Ogedegbe, na ndani yake yumo Mercy Johnson. Baadaye Kanumba akamvuta Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom. Angalia mahesabu yake: jamaa hakwenda Lagos kuzamia. Alikwenda na kazi mkononi, akajifunza wenzake wanavyopiga picha, wanavyouza, wanavyotengeneza mastaa, halafu akarudi. Na aliporudi, akawaleta na wao huku. Mikanda yake akaipa majina ya Kiingereza, Red Valentine, Deception, Because of You, lakini watu ndani wanaongea Kiswahili kile kile cha mama ntilie na mwenye nyumba. Ilivuka mipaka, ikapendwa Kenya, Burundi, Rwanda na Congo.

Siyo siri, safari zilimgharimu pia. Mwaka 2009 aliingia kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa, Afrika Kusini. Vijiwe vya Dar vikapata cha kusema. Hawakuongelea kwamba Mtanzania kaalikwa, waliongelea Kiingereza chake! Walimcheka mpaka basi. Sasa jiulize, waliokuwa wanacheka wangapi waliwahi kualikwa hata harusi ya wilaya ya pili? Kejeli ya namna hiyo imewarudisha nyuma vijana wengi wa mikoani, maana ukitoka Shinyanga unachekwa Dar kwa lafudhi ya Kisukuma, na ukitoka Dar unachekwa na Dar ile ile kwa Kiingereza. Kanumba hakujificha. Aliendelea kutoa mkanda baada ya mkanda.

WALIOKAA KABISA

Wapo wasanii waliokwenda ng'ambo wakakaa. Martin Mhando, mtengenezaji filamu wetu, alisomea fani hiyo Romania, na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Australia. Kukaa kwake mbali hakukumfanya asahau nyumbani. Mwaka 2001 yeye na Mmarekani Ron Mulvihill walitoa Maangamizi, hadithi ya daktari Mmarekani mweusi anayekuja Tanzania kutibu, akakutana na mgonjwa asiyesema, aliyeigizwa na Amandina Lihamba. Yule daktari alidhani kaja kuponya, kumbe na yeye ana vidonda vyake. Filamu ile ilipelekwa kuwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Mhando mwenyewe alikuja kuwa mkurugenzi wa tamasha la ZIFF kule Zanzibar.

Na yupo aliyefanya Tanzania kuwa ugenini wake. George Tyson, Mkenya, alihamia Dar na mwaka 2003 akatoa Girlfriend, filamu iliyojaa mastaa wa bongo fleva, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo ilifungua mlango wa bongo muvi. Mapenzi nayo yakamkuta ugenini: akamwoa mwigizaji Monalisa. Ndoa haikudumu, wakaachana, lakini Tyson hakufunga virago kurudi Kenya. Aliendelea kufanya kazi hapa mpaka ajali ya gari ilipomuua mkoani Morogoro mwaka 2014. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mtu anaweza kuachika na bado nchi ikabaki kuwa yake, kama alikwenda kwa kazi na siyo kwa ajili ya mtu mmoja tu.

PIKIPIKI YENYE PEMBE

Kuna filamu moja ya Senegal ambayo kila kijana wa Usukumani angepaswa kuiona. Inaitwa Touki Bouki, ya mwaka 1973, kazi ya Djibril Diop Mambéty. Kijana anaitwa Mory, mtu wa ng'ombe, anaendesha pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe mbele. Mchumba wake Anta ni mwanafunzi. Ndoto yao ni Paris. Wanahangaika kutafuta nauli kwa kila janja, pamoja na wizi, mpaka meli inafika. Anta anapanda. Mory anafika kwenye ngazi, moyo unakataa, anageuka anakimbia kuifuata pikipiki yake. Meli inaondoka na msichana.

Ukiiangalia ukiwa Shinyanga utasema huyu jamaa ni wa kwetu kabisa. Hapa tuna akina Mory wengi. Wamepiga stori za majuu miaka mitano, siku ya safari wanaona ng'ombe, mama na kijiwe, wanashindwa. Nao akina Anta wapo, wanaoondoka kimya kimya bila kuangalia nyuma. Mambéty hasemi nani kakosea. Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuja kufia Paris, mwaka 1998.

Mzee Ousmane Sembène, naye wa Senegal, alikuwa mkali zaidi. Alipiga kazi ya kupakua mizigo bandarini Marseille, kwa hiyo Ufaransa aliijua kwa mgongo wake. Mwaka 1966 alitoa La Noire de..., habari ya dada Diouana aliyechukuliwa Dakar kwenda kulea watoto Ufaransa. Alidhani anakwenda kuona maduka na mitaa mizuri. Akaishia kufungiwa jikoni, anapika na kufua, hana wa kuongea naye, mpaka akajiua. Dada zetu wanaosafiri leo kwenda kazi za ndani Oman na Dubai wangeielewa filamu ile bila mtafsiri. Wapo wanaorudi na nyumba imesimama, na wapo wanaorudi wamenyang'anywa pasi na mshahara.

STERINGI HAFI?

Turudi kwa Kanumba, tumalizie kwenye mapenzi. Kwenye mabanda ya video kuna sheria isiyoandikwa: steringi hafi. Adui atapiga risasi mia, steringi atapona tu. Kanumba alikuwa steringi wetu, na mikanda yake mingi ilihusu mapenzi: wivu, usaliti, siri, mtu kumficha mtu. Tuliangalia tukalia, tukasema ni picha tu.

Alfajiri ya Aprili 7, 2012 habari zikaenea kwamba amefariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Umri miaka 28. Usiku ule kulikuwa na ugomvi wa kimapenzi. Aliyekuwa naye alikuwa mwigizaji mwenzake, msichana ambaye umri wake tu ulizua mabishano mahakamani kama ni mtoto au mtu mzima. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka miwili. Huo ndio ukweli wa mahakama, na hatutaongeza chumvi. Ila tuseme wazi: mapenzi ya kificho, yenye wivu wa simu na msichana mbichi ndani yake, hayana mwisho mzuri hata kama mwenye nyumba ni staa. Maelfu walifurika viwanja vya Leaders kumuaga, wengine wakazimia, akazikwa Kinondoni. Mtu aliyetoka Lagos na Johannesburg salama, kilichomkuta kilimkuta chumbani kwake.

SASA WEWE

Kama una mpango wa kuondoka, iwe ni Kahama kwenda Dar au Dar kwenda Muscat, chukua haya machache kwa waliotangulia. Nenda na kazi au ufundi mkononi, kama Kanumba alivyokwenda Lagos, usiende na matumaini matupu. Pasi yako na nauli ya kurudi viwe vyako, visikae kwa tajiri, maana Diouana hakuwa na njia ya kurudi. Ukichekwa lugha, ongea hivyo hivyo, utaizoea. Na ukipata kitu, usikile chote huko huko. Mhando alikaa Australia na bado hadithi yake ilikuwa ya nyumbani.

La mwisho ni kwa wapenzi. Usimwache mwenzako Geita anahesabu miezi wakati wewe huko umeshaanza maisha mengine. Na wewe unayebaki, usimfunge mtu kwa machozi kisha baadaye umlaumu kwamba hana maendeleo. Kaeni chini muulizane: tunasubiriana mpaka lini, nani anatuma nini, na likishindikana tunaambianaje? Ni mazungumzo magumu, najua, na hayana muziki nyuma kama kwenye mkanda. Lakini yafanyeni nyumbani, mkiwa mmetulia, siku chache kabla ya basi. Pale stendi ya Shinyanga saa kumi na moja alfajiri, konda anapiga kelele na injini inanguruma, hakuna mtu anayesikia vizuri.